Gari Lishuke, Mimi Nipande

Jumatatu, 3 Machi

Binti wa mazoezi, yule anayetumwa na hospitali, kasema niandike. "Kila siku, mama, hata mstari mmoja. Umetembea kutoka wapi mpaka wapi, umeumwa wapi, umelalaje." Nikamwambia mimi ni fundi cherehani, karani amtafute kwingine. Kacheka, kaniachia daftari na kalamu inayovuja. Haya, naandika. Nimetembea na fremu yangu ya kutembelea kutoka kitandani mpaka dirishani na kurudi. Nimeumwa nyonga. Nimelala vibaya kwa sababu mume wangu anakoroma.

Kwa kuwa wino bado upo, niseme na mengine. Mwezi wa kwanza niliteleza kwenye ngazi ya nyuma, nimekumbatia beseni la nguo, na mume wangu kishaniambia, "Mama, hapo pana maji." Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi la mkuu nililisikia vizuri kabisa, na guu nikalivunja vilevile. Daktari akanitia chuma kwenye nyonga. Mzee wangu huyo ni fundi springi za magari na hawezi kunyamaza mbele ya chuma, akamuuliza daktari nati zake ni za spana namba ngapi.

Hayo yote niliyameza. Kilichonikaa kooni ni siku ya kurudi nyumbani. Gari letu ni refu. Mzee mwenyewe alilinyanyua miaka ile kwa springi ndefu ili lipite kwenye tope na makorongo, na kulipanda ni lazima uinue mguu mpaka karibu na kiuno. Mguu wangu hauinuki hivyo. Basi Mzee akanishika kwapani, mwanetu akashika miguu, moja, mbili, tatu, hoo! Sketi ikapanda mpaka isikotakiwa, na uwanja mzima wa hospitali unatazama. Nyumbani wakaniteremsha vilevile, majirani wamejaa getini kutoa pole. Hakuna aliyeniuliza kama niko tayari, wala kama inauma. Nilipofika kitandani nikasema: hamkuniuliza, sibebwi tena. Tangu siku hiyo sijavuka geti.

Na sasa mdogo wangu anaolewa, Jumamosi ya tarehe ishirini na nne Mei, kwake huko, ng'ambo ya bonde. Ni mjane wa miaka mingi, bwana harusi ni mstaafu wa posta, na wawili hao wakikaa pamoja wanacheka kama watoto wa shule. Nguo nitaishona mimi, hilo halina mjadala. Ila nani atanifikisha?

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Dirishani na kurudi.

Jumapili, 9 Machi

Mdogo wangu kaja kupimwa. Hatulii. Nampima kifua anacheka, nampima mkono anacheka. "Dada, hapo pananitekenya." Mtu wa miaka hamsini na tisa!

Kasema atanitumia teksi siku yenyewe. Binti wa mazoezi alikuwepo, akaingilia, "Teksi ndogo hapana. Kiti chake kiko chini mno. Goti lisipande juu ya nyonga, mama, nimekwambia." Mzee naye alikuwa mlangoni anafuta mikono.

"Shemeji," mdogo wangu akamwambia, "basi utamleta wewe."

"Nitamleta. Mke wa fundi springi apande teksi, watu waniambie nini?"

"Utamletaje, na hataki kubebwa?"

Mzee akasema ana gari analishughulikia, akatoka. Hakuna gari analolishughulikia. Ninamwona kutoka hapa dirishani, gereji iko mbele ya nyumba.

Ijumaa, 14 Machi

Tumejaribu kigoda. Mzee kakipigilia miguu mipya, kakiweka chini ya mlango wa gari, kakikanyaga mwenyewe, kimetulia. Nimeweka mguu mzima juu, nikaanza kuuleta ule mbovu, kigoda kikahama. Nilishika mlango. Sikuanguka. Lakini sasa naogopa hata kukitazama kigoda chenyewe. Wanaume wakae navyo vigoda vyao.

Jumanne, 18 Machi

Utepe wangu wa kupimia umepotea. Nimeutafuta chini ya cherehani, kwenye kopo la vifungo, ndani ya Biblia. Nimechungulia nje, nikamkuta Mzee kainama mvuani, utepe wangu mkononi, anapima kutoka chini mpaka kwenye kiti cha gari.

"Unafanya nini?" nikamwuliza nikiwa dirishani.

"Napima maji."

"Maji gani?"

"Mvua imekuwa nyingi," akasema, akaukunja utepe akautia mfukoni. Umerudi una grisi. Nguo ya harusi ni nyeupe. Nimemwambia akiugusa tena nitamkata vidole, kisha nikageukia ukutani nicheke peke yangu.

Jumamosi, 22 Machi

Leo nyumba imewaka.

Tulikuwa mezani. Mwanetu, ambaye anafanya kazi na baba yake na huwa haongei mpaka ashibe, akaweka kijiko chini akasema, "Baba, si tulishushe tu."

"Tushushe nini?"

"Gari. Mama apande mwenyewe."

Ni lazima nieleze hapa, maana mtu asiyemjua Mzee hataelewa kwa nini alisimama na kiti kikaanguka. Kwenye ukuta wa gereji kuna maandishi makubwa mekundu: HATUKATI SPRINGI. USIULIZE. Vijana wanapenda magari yalale chini, na njia ya mkato ni kuikata springi yenyewe kwa grainda, pete moja, pete mbili, gari linakaa. Springi iliyokatwa huvunjika au huruka mahali pake, na Mzee aliwahi kuvuta kutoka mtaroni gari lililokuwa hivyo, na waliokuwamo. Kuna springi fupi za haki zilizotengenezwa kuwa fupi, lakini kwake yeye kushusha ni kushusha. Hasikilizi.

"Nimenyanyua magari maisha yangu yote," akasema. "Nife nikilishusha langu?"

"Ni kwa ajili ya Mama."

"Mama yako anataka aulizwe, basi muulize kama anataka kupanda takataka."

Kumbe alinisikia siku ile. Miezi miwili yote nilidhani hakunisikia. Nikamwambia tu akiinue kiti.

Jumapili, 23 Machi

Kanuna. Na mimi nimenuna. Mwanetu kala kwa jirani.

Jumatano, 26 Machi

Ng'ambo ya barabara kuna gereji ya kijana wanayemwita Chini-Chini. Hapo magari yamelala mpaka paka akipita chini anajikuna mgongo. Muziki asubuhi mpaka jioni. Zamani alikuja kwetu kuomba kazi, akasema anapenda magari ya chini, Mzee akamtimua na spana mkononi. Akajifunzia kwingine, akarudi, akafungua mbele yetu hasa. Hawasalimiani. Mimi husalimiana naye, nilimshonea ovaroli.

Leo Mzee kamtuma mwanetu kwa Chini-Chini, aulize springi fupi za gari kama letu zinapatikana wapi, "kuna rafiki anazihitaji." Mwanetu karudi na jibu: "Amesema huyo rafiki aje mwenyewe."

Mzee kasema, "Kijana hana adabu." Mwanetu kasema, "Amesema pia chai ipo."

Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Nimelisema kwa sauti ya kutosha lifike nje.

Jumatatu, 31 Machi

Mvua ya mawe. Nimekata kitambaa. Hata kwenye shingo ya nguo mkasi ulikwenda sawa.

Alhamisi, 3 Aprili

Kaenda!

Nilimwona anavua kofia, anaivaa, anaivua. Akavuka barabara mvua inamnyeshea, na mwavuli kauacha mlangoni kwetu. Akasimama nje ya banda la Chini-Chini kama mtu aliyekuja kuposa. Muziki ukazimwa. Chini-Chini akatoka, akamtazama, na mimi nimeshika pazia, nasema moyoni, mwanangu, usimwaibishe, tafadhali usimwaibishe huyu mzee. Kijana akaingia ndani akatoka na kiti. Akakifuta kwa fulana yake mwenyewe. Mzee akakaa.

Walikaa sana. Mzee aliporudi alikuwa ameloa, akasema kwa mkato, "Anajua kazi. Ni mjinga, lakini anajua kazi. Springi za haki, hajakata hata moja." Halafu akaniuliza kama nina taulo.

Nimemkausha kichwa kama nilivyokuwa nikimkausha mwanetu. Katika lugha yetu mtu akinyenyekea tunasema kajishusha. Leo mume wangu kajishusha kabla ya gari lake, na mimi nimempenda upya, potelea mbali, naliandika.

Jumanne, 8 Aprili

Kutoka kitandani mpaka jikoni. Binti wa mazoezi kapiga makofi.

Jumapili, 13 Aprili

Nguo imesimama. Mdogo wangu kaivaa ikiwa na pini tu, kajitazama kwenye kioo, kwa mara ya kwanza hakucheka. Alilia. "Dada, utakuja?" Nikamwambia asilie juu ya kitambaa, kinaweka doa.

Anasema barabara ya bondeni imeanza kuliwa na maji.

Jumamosi, 19 Aprili

Siku ya springi. Nitaandika yote, nilikaa dirishani tangu asubuhi na sindano sikuigusa.

Chini-Chini kaja na boksi begani, kaamkia, "Shikamoo mzee, shikamoo mama." Wakaliinua gari kwa jeki, wakaliweka juu ya stendi, wakavua matairi yote, likabaki linaning'inia miguu kama kuku aliyeshikwa. Mzee akaniamuru nifunge dirisha. Springi ikiwa imebanwa ina hasira, akasema, ikimponyoka mtu inaweza kumng'oa kichwa. Nikalifunga nusu. Wakaikaza springi ndefu kwa kibano mpaka ikasinyaa, wakaitoa taratibu, hata mvua nadhani ilisita. Ile fupi ikaingia bila kubanwa sana. Springi mbili zikilazwa pamoja chini unaona tofauti: moja mtu mrefu mwembamba, nyingine mfupi mnene mwenye shingo ngumu.

Mzee akaishika ile ndefu muda, akaifuta, akaiegemeza ukutani ndani pasiponyesha.

Baada ya hapo wakapata raha, na wanaume wakipata raha ndipo wanapoharibu. Wakaanza kubishana. Chini-Chini anasema gari la chini linashika barabara vizuri kwenye kona. Mzee anasema kona za nani, sisi tuna mashimo. Huku wanabishana huku wanakaza, mmoja kushoto mmoja kulia, nati kwa nati, kila mmoja anataka amalize kabla ya mwenzake. Wakarudisha matairi, wakatoa stendi, wakalishusha gari, wakarudi nyuma kutazama.

Halikushuka. Niseme lilishuka kidogo tu, kama mtu anayekaa kwenye kiti asichokiamini.

Mwanetu akalisukuma kwa mikono, likacheza, likarudi palepale. Chini-Chini anamtazama Mzee, Mzee anamtazama Chini-Chini. Nikajua kutakuwa na vita, nikafungua dirisha lote nisikie vizuri.

"Umekazia wapi?" Mzee akauliza.

"Mikono ya chini. Bushi zote."

"Gari likiwa wapi?"

Chini-Chini akazitazama stendi. "Hewani," akasema. "Na wewe mzee?"

Mzee akaiangalia spana yake. "Hewani."

Nimeishi na gereji maisha yangu yote ya ndoa, hilo hata mimi nalijua. Bushi, zile raba za kwenye viungo vya mikono inayoshika matairi, hukazwa gari likiwa limesimama kwa uzito wake lenyewe. Ukizikaza miguu ikining'inia, zinashika mkao wa kuning'inia, zinagoma kukunjika. Ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Basi wakaanza kucheka, mafundi wawili wazima, Mzee kakaa kwenye tairi la akiba machozi yanamtoka, Chini-Chini kashika ukuta. Wakalegeza kila kitu, gari likiwa chini. Likapumua, likakaa. Chini kabisa!

Nimewapelekea chai mwenyewe kwa fremu, kikombe kimoja kimoja, na nusu yake nimemwaga.

Jumatatu, 21 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nimekaa ndani ya gari leo mpaka suruali ya Mzee ikakaukia mwilini.

Asubuhi mvua ilitulia. Nikafika mlangoni mwa gari kwa fremu yangu, nikageuka, nikakipa kiti mgongo, nikaketi. Kuketi kwenyewe kulikuwa kuzama, lakini niliketi. Nikaingiza mguu mmoja, nikaingiza wa pili. Hakuna aliyenigusa! Nikasema twende. "Twende wapi?" "Popote, baba, washa!" Akanipeleka mpaka mwisho wa barabara. Nikaona duka la vitambaa, nikaona mti wamekata, nikaona watu niliodhani wamehama. Springi fupi ni ngumu, kila shimo lilinifikia, lakini ningepanda hata gogo. Niliushika mkono wake nikapiga nao honi.

Tukarudi. Mzee akazunguka, akafungua mlango, uso unang'aa. "Haya, mama, shuka."

Nikatoa miguu nje. Nikajisukuma. Nikarudi. Magoti yalikuwa juu, matako chini, fremu mbele yangu hainisaidii kitu. Nikajisukuma tena, nyonga ikanichoma mpaka nikaona nyota. Walikuwa wamehesabu kupanda, wakasahau kushuka. Na mimi fundi cherehani, ambaye nawaambia wateja kila siku, vaa, kaa, simama, inama, ndipo nijue, sikuwauliza.

Mzee akanyoosha mikono.

"Usiniguse."

"Mama, ni hatua moja tu."

"Nimesema usiniguse."

"Utalala humu?"

"Nitalala humu."

Mvua ikarudi kwa nguvu zake zote. Nikarudisha miguu ndani, nikafunga mlango. Mzee akasimama nje analoa, kisha akazunguka, akaingia upande wa dereva, akakaa. Vioo vikajaa mvuke. Nililia, sifichi. Nililia kwa sababu asubuhi nilikuwa mtu na mchana nimekuwa mzigo tena.

Baada ya muda akasema, akitazama mbele kama anaendesha, "Siku ile hospitali niliogopa."

Nikafuta kioo cha upande wangu kwa kiganja.

"Nilijua nikikuuliza inauma, utasema inauma. Na ukishasema, mimi mikono haifanyi kazi. Nikasema bora nikunyanyue haraka haraka. Kama injini."

"Kama injini?"

"Injini naiheshimu."

Nikacheka huku kamasi zinanitoka. Akanipa kitambaa chake, kina grisi, nikakitumia hivyohivyo. Tukakaa. Kusema kweli palikuwa pazuri, mvua juu ya bati la gari, sisi wawili, hakuna anayetutafuta. Zamani kabla hatujaoana tulikuwa tukikaa hivi kwenye magari ya wateja wake.

Halafu akaangalia juu, akaangalia chini, akakuna kidevu. Namjua akikuna kidevu.

"Mama, wewe hubebwi."

"Sibebwi."

"Na gari je? Likibebwa gari?"

Akatoka mbio mvuani. Chini-Chini na mwanetu wakaja na jeki mbili, mbao na mwavuli. Wakaweka stendi za kuzuia, mawe kwenye matairi. Nikafungua mlango, nikaweka miguu chini imara, mikono kwenye fremu. Mzee akapiga magoti kwenye maji, akashika mpini wa jeki.

"Niendelee?"

Sikuamini masikio yangu. "Endelea," nikasema.

Akapiga kidogo. Kiti kikapanda chini yangu, taratibu. "Niendelee?" "Endelea." Magoti yakashuka, nyonga ikapanda. "Niendelee?" "Kidogo." "Inauma?" "Haiumi. Hapo! Usiongeze!" Nikasimama. Nilisimama mwenyewe, kwenye mvua, Chini-Chini akanifuata na mwavuli mpaka kibarazani.

Mzee hakunifuata. Alikuwa anapiga kelele aletewe utepe, apime pale kiti kilipokuwa niliposema hapo. Nimeutoa mwenyewe, utepe wangu wa nguo nyeupe.

Jumatano, 23 Aprili

Chini-Chini kasema, "Mzee alizidi juu, mimi nimezidi chini, mama yuko katikati." Wanachonga pete za raba nene za kukaa juu ya zile springi fupi ili ziongeze kimo. Siku nzima wanapima raba na kuzomeana. Muziki unapigwa gereji kwetu sasa. Mzee anasema anauvumilia. Mguu wake unaufuata mdundo.

Jumatatu, 28 Aprili

Pete zimekaa, bushi zimekazwa gari likiwa chini, kila mmoja akimsimamia mwenzake. Nimepanda, nimeshuka, nimepanda, nimeshuka. Nimewachosha. Mwanetu kaniomba nipumzike.

Jumamosi, 10 Mei

Mvua haikatiki. Nashona pindo.

Jumatano, 14 Mei

Mdogo wangu kapiga simu. Bondeni maji yamekata ukingo wa barabara, magari marefu yanapita, mafupi yanarudi. Mzee alisikia. Akaenda gereji, nikamwona kasimama mbele ya zile springi ndefu.

Nikamfuata na fremu yangu. "Unafikiri nini?"

"Nikizirudisha tutapita."

"Na mimi nitapandaje?"

Akaipapasa moja kwa kidole. Nikamwambia aziache. Akasema, "Tukikwama je?" Nikamwambia tutakwama nikiwa nimekaa nilipopanda mwenyewe. Nilisema kwa ujasiri, ila usiku sikulala, na safari hii si kwa sababu ya kukoroma.

Alhamisi, 22 Mei

Nguo imekwisha. Mdogo wangu anataka kumtuma mtu aichukue. Nimekataa, nitaipeleka mwenyewe. Nikiituma nitajipa sababu ya kubaki. Mwanetu katangulia kwenda kusaidia kupanga viti.

Jumapili, 25 Mei

Jana sikuandika. Naandika leo, nimekaa kwenye kitanda cha mdogo wangu, yeye kahamia kwa mumewe. Loo, mumewe!

Tuliondoka asubuhi, Mzee anaendesha, Chini-Chini nyuma kavaa shati jeupe, mimi mbele na nguo mapajani imefungwa kwenye shuka. Nilipanda mwenyewe getini na majirani wakaona. Nilihakikisha wameona.

Bondeni tukasimama. Maji yalikuwa yamechimba barabara, mfereji mpana wa rangi ya chai, haufiki goti lakini una kingo kali. Lori lilipita mbele yetu. Mzee akashuka, akachutama, akatazama chini ya gari letu, akatazama ukingo, akarudi. Uso wake sitausahau. Ng'ambo ile nilimwona mwanetu na gari la bwana harusi, anapunga mkono.

"Tumbo litanasa," Mzee akasema. "Ningeliacha refu. Mama, ningeliacha refu ungefika." Mikono yake ilikuwa juu ya usukani kama haijui kazi nyingine. Watu walikuwa wengi kingoni, wanasubiri, wanatazama. Chini-Chini kainamisha kichwa.

Nikafungua mlango. Nikatoa miguu, Chini-Chini akaniletea fremu, nikasimama. Hakuna aliyenishika. Nilisogea mpaka ukingoni, nikayatazama maji na mawe yake, nikajua fremu haiwezi kupita hapo hata kwa dawa.

Nikageuka. "Baba," nikamwambia, "nibebeni."

Akanitazama kama hakusikia.

"Lakini nitasema mimi. Mama yule ana kiti cha plastiki, tumwombe. Nitakikalia mwenyewe. Wewe huku, Chini-Chini huku, mwanetu aje ashike nguo na fremu. Hakuna moja mbili tatu. Nikisema nyanyua, mnanyanyua."

Nikakaa. Nikapanga sketi yangu, nikaibana vizuri. "Nyanyueni."

Wakaingia majini. Mzee anahema, suruali ya harusi imeloa mpaka magotini. "Niendelee?" "Endelea." "Inauma?" "Endelea, baba." Watu wa kingoni wakaanza kushangilia, sijui kwa nini, labda walikuwa wamechoka kusubiri. Katikati ya maji nikasema, "Subirini." Wakasimama, wanatetemeka. Hakukuwa na sababu yoyote. Nilitaka tu kuona kama watasimama. Mzee akanitazama, akaelewa, akaanza kucheka, kiti kikacheza, nikapiga kelele waendelee haraka kabla hatujaoga wote.

Ng'ambo nikasema nishusheni, wakanishusha, na gari la bwana harusi likatufikisha.

Mdogo wangu aliivaa nguo ikamkaa kama imeotea mwilini. Alicheka tangu kiapo mpaka keki. Mzee alicheza na viatu vyenye maji ndani, chwa, chwa, na Chini-Chini aliwaeleza wazee wa meza nzima habari za bushi, na walisikiliza.

Jumanne, 27 Mei

Tumerudi nyumbani. Mvua imekatika, tope limeanza kukauka, Mzee analiosha gari na kulisemesha.

Kaniuliza kama nataka twende mahali, popote, yuko tayari. Baadaye kaja kuniuliza tena. Leo sikutoka. Mlango wa gari ulikuwa wazi, fremu ilikuwa karibu, nyonga haikuuma. Sikutoka kwa sababu sikutaka.